Vishikio vya Mbavu za Mwavuli

Kioo cha taa kilianguka saa saba na robo mchana, kikatua katikati ya bakuli la supu ya mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Hakikumkata popote. Supu ilimrukia kifuani, ikachafua suti yake ya kijivu ya mikono mifupi, na vipande vya kioo vikatapakaa juu ya wali, kachumbari na kuku waliokuwa wakikaangwa tangu asubuhi. Ilikuwa Aprili, mwaka wa sabini na sita. Wingu lilikuwa limeushukia mji wa Mbeya tangu juzi yake, na taa zote za nyumba ya wageni ya idara zilikuwa zinawaka mchana. Mgeni alisimama, akajitazama, akatazama juu, kisha akauliza swali moja tu: ni nani anayehusika na taa hizi.

Watu saba walitaja jina moja.

Tekla alizipata habari hizo akiwa amepiga magoti chini ya kitanda namba tisa cha wodi ya wazazi, anapiga deki. Silvester, tarishi wa idara, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, maji yakimchuruzika kwenye koti.

“Mama Kalista,” alisema, “mzee wamemchukua.”

“Wamemchukua akina nani?”

“Askari wawili. Wamemkuta stoo, juu ya ngazi. Hata koleo hawakumpa nafasi ya kuiweka, ameondoka nayo mfukoni.”

“Amefanya nini?”

“Wanasema hujuma.” Silvester alitazama sakafu. “Kioo cha taa kimeangukia kwenye supu ya mgeni.”

Tekla alikamua dekio, akalilaza ukingoni mwa ndoo. “Kimemuumiza?”

“Hapana, hakikumgusa. Ila amepelekwa kupimwa, kwa gari mbili.”

Tekla akainuka. Bila kutaka alitazama juu ya vitanda, kwenye taa kumi na mbili za wodi ile, vioo vyake vyeupe vikiwa vimeinamisha midomo kama mabakuli. Kila kioo kilikuwa kimekumbatiwa shingoni na pete ya bati yenye vidole vitatu vya chuma, vyembamba, vinavyobana na kuachia kama vidole vya mtu. Hivyo vilikuwa vishikio vya Kalinga, mume wake. Alivitengeneza kwa mbavu za miavuli iliyovunjika, na miavuli hiyo Tekla ndiye aliyezunguka kuiomba, nyumba kwa nyumba, kota hadi kota, akichekwa na wake za mafundi wenzake Kalinga kwamba sasa anaokota takataka.

Ilikuwa hivi. Desemba iliyopita, taa ya juu ya kitanda namba nne iliachia kioo chake. Skrubu tatu zilizokuwa zikikishika zilikuwa laini kama mshumaa, na malori ya mafuta ya Zambia yaliyopita barabarani mchana na usiku yalizitikisa mpaka zikalegea. Chini ya taa alikuwa amelala Mbuke, mwanamke wa Kisukuma kutoka huko Usangu, siku ya pili baada ya kujifungua. Alimfunika mtoto kwa mkono. Kioo kikaingia kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko, kikakata kilichokata, na tangu siku ile vidole vya mkono wa kulia wa Mbuke havikunji. Bujiku, mume wake, alikuja kuuliza. Akaambiwa na ofisi kuwa ile ni ajali, na ajali haina mwenyewe. Akapewa soda mbili, moja yake na moja ya mgonjwa. Mgeni wa Dar es Salaam alipelekwa kupimwa kwa gari mbili.

“Nani mwingine wamemchukua?” aliuliza Tekla.

“Yeye peke yake,” alisema Silvester.

*

Sista Atuganile, mkuu wa wodi, alikuwa Mnyakyusa mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa mtu wa kupayuka. Alimwita Tekla kwenye kijichumba chake, akafunga mlango, akafungua daftari kubwa la ripoti.

“Mume wako aliandika barua mwezi wa kwanza,” alisema. “Aliandika kwamba skrubu zile hazifai, si hapa wala nyumba ya wageni, na kwamba ofisi ikimpa bati na ruhusa atafunga vishikio vyake kote. Nakala aliniletea mimi.”

“Nakumbuka, Sista. Aliiandika mezani kwetu. Alichana karatasi tatu.”

“Na mimi niliandika yangu, nikaomba vioo vyote vishushwe, tubaki na globu tupu. Unajua walinijibu nini? Walisema taa bila kioo haijakamilika, na mkaguzi akija atahesabu pungufu.” Alitoa karatasi kutoka katikati ya kurasa, akamkabidhi. “Hii hapa ya mume wako. Mpelekee Ndugu Liberatus nyumbani kwake, siyo ofisini. Ofisini ipo nyingine na wataikana. Akiiona hii, hawezi kusema Kalinga alinyamaza.”

Tekla aliikunja ile karatasi, akaitia ndani ya sidiria, mahali penye joto. Akamaliza deki yake kwanza. Vitanda kumi na viwili, wanawake kumi na tisa.

Ndugu Liberatus, afisa majengo, aliishi juu kidogo ya mji, kwenye nyumba ya zamani ya wazungu yenye paa la vigae na maua mbele. Tekla alifika saa kumi na moja, viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Mbwa walibweka. Mke wa afisa, Mama Esta, alichungulia dirishani, akamwonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka nyuma.

“Kamwene, mama,” alisema Tekla, maana Mama Esta naye alikuwa mtu wa Iringa, na alidhani salamu ya nyumbani ingemfungulia kitu.

“Shikamoo hujui?” alisema Mama Esta. Walikuwa rika moja, pengine Tekla alimzidi mwaka.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Baba Esta amepumzika. Amepata mshtuko mkubwa leo.” Alimtazama Tekla miguu hadi kichwa. “Wewe si ndiye mke wa huyo fundi? Subiri hapo. Hawa kuku nani atawanyonyoa, na msichana wangu nimemtuma sokoni? Mgeni bado yupo mpaka kesho. Chakula cha mchana chote kimemwagwa.”

Kuku walikuwa wanne, wameshachinjwa, wamelala kwenye karai. Maji ya moto yalikuwa tayari. Tekla aliviweka viatu vyake pembeni, akachuchumaa, akaanza. Manyoya yaliyolowa yalimganda vidoleni na mikononi, na harufu yake ikampanda puani mpaka kooni. Alinyonyoa kuku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyemwambia pole ya mume wake. Katika nyumba ile, aliyepewa pole siku hiyo alikuwa ni Ndugu Liberatus.

Alipokuwa akimgeuza kuku wa nne, taa ya baraza la nyuma iliwashwa, na Tekla akainua macho. Kioo cha taa kilikuwa kizuri, kimechongwa maua, na shingoni kimefungwa na pete ya shaba nene, inang'aa, yenye skrubu tatu zenye vichwa vya duara kama vifungo vya koti la askari. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Akaona taa ya jikoni, pete ya shaba. Mbele zaidi, sebuleni, tatu zaidi. Hakuna hata moja iliyokuwa na skrubu laini kama mshumaa.

Ndugu Liberatus alitoka akiwa na fulana na msuli, mdomoni kijiti cha kuchokolea meno. Hakumwambia ainuke.

“Ndiyo, dada.”

Tekla alifuta mikono kwenye kitenge, akageuka upande, akatoa karatasi. “Ndugu Afisa, nimeleta barua. Mume wangu alishawaandikia kuhusu hizo taa. Tarehe ipo. Hakuhujumu kitu. Aliomba mwenyewe azitengeneze.”

Afisa aliipokea. Vidole vyake vilikuwa na mafuta, na yakaacha alama mbili pembeni mwa karatasi. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akaisoma tena.

“Barua hii naijua,” alisema. “Na ndiyo inayonisikitisha. Unaona hapa? Anasema skrubu hazifai. Kwa hiyo alijua. Mtu anajua kioo kitaanguka, anakaa kimya, mgeni anakuja, kinaanguka. Polisi wakiiona hii, dada, watasema nini? Watasema alipanga.”

“Hakukaa kimya. Aliandika.”

“Kuandika ni kuandika. Kazi yake ni kufunga.” Aliikunja karatasi mara nne, akaichomeka kwenye pindo la msuli. “Afadhali imeletwa kwangu. Nenda nyumbani, usiongee na watu. Mimi ninampenda Kalinga. Nitaona.”

“Naomba unirudishie barua yangu, Ndugu.”

“Nitaona, nimesema.”

Aliingia ndani. Tekla alibaki na kuku wa nne. Alimmaliza, kwa sababu hakujua mtu anaachaje kuku nusu, akamwaga maji, akakusanya manyoya. Mama Esta alimfungia vichwa vinne na miguu minane kwenye gazeti, akampa. Tekla alisema ahsante. Chini ya mteremko, palipokuwa na mtaro, alisimama, akatazama lile gazeti lililolowana, akalitupa. Kisha akatapika, ingawa tumboni hakukuwa na kitu ila chai ya asubuhi.

*

Kalinga alirudi siku ya tatu, mchana, kwa miguu. Alikuwa na harufu ya mkojo wa watu wengine. Mtoto wao Kalista, aliyekuwa darasa la kwanza, alimkimbilia, akasita, akamshika kidole kimoja tu. Tekla alichemsha maji, akamwekea uani nyuma ya khanga mbili, akamsugua mgongo kwa jiwe bila kumuuliza kitu. Walikuwa wamekaa pamoja miaka tisa, tangu walipoondoka Iringa na sanduku moja, na alijua kuwa mume wake akishamwagiwa maji husema.

Hakusema. Alikula ugali na maharage, akaomba tena. Alipoosha mikono ndipo alipozungumza, macho yakiwa kwenye beseni.

“Kazi haijaondoka.”

“Mungu ni mwema.”

“Na kota tunabaki nayo. Wamenipa onyo la maandishi. Nimeweka sahihi.”

“Sahihi ya kukubali nini?”

“Uzembe. Hujuma wameifuta, wameandika uzembe. Uzembe siyo kitu, Mama Kalista. Watu wengi wana uzembe.”

Tekla alikusanya vyombo. “Na barua yako?”

“Barua gani?”

“Ile ya mwezi wa kwanza. Niliipeleka kwa Liberatus. Ameichukua.”

“Ungeiacha ilipokuwa,” alisema Kalinga taratibu. “Barua ile imenipa shida huko ndani. Yeye ndiye amenitoa, lakini.”

“Baba Kalista, nilinyonyoa kuku uani kwake. Nimeona taa zake. Zote zina pete za shaba. Tano nimeziona kwa macho yangu, sijui vyumbani. Zile ni za wapi?”

Kalinga alikausha vidole kimoja kimoja kwa taulo. Nje, mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati.

“Baba Kalista.”

“Zilikuja kumi na mbili,” alisema. “Oktoba. Boksi liliandikwa wodi ya wazazi. Yeye akasema wodi itafungwa za kawaida kwanza, hizi zisubiri. Baadaye akasema nizipeleke kwake.”

“Nani alizifunga?”

“Mimi ndiye fundi.”

Tekla aliweka sufuria chini. Akakumbuka miavuli. Akakumbuka jioni zile za Januari na Februari, Kalinga ameinama juu ya jiliwa dogo, anakunja chuma, anakijaribu kwenye shingo ya chupa, anaanza tena, na yeye akimshikia kibatari karibu na kusema moyoni mwake kwamba Mungu amempa mwanamume mwenye huruma. Vishikio kumi na viwili. Hakuwahi kujiuliza kwa nini kumi na viwili, wakati wodi za karibu nazo zilikuwa na taa mbovu.

“Kwa hiyo Mbuke,” alisema.

“Usilitaje jina hilo hapa ndani.”

“Ulijua tangu siku ile.”

“Nilijua. Ndiyo maana nilitengeneza. Ungetaka nifanye nini, nimshitaki mkubwa wangu? Kwa nani? Kwake?” Sauti yake haikupanda. “Nilikaa siku mbili mle ndani, watu ishirini na moja, ndoo moja. Nikawaza wewe na mtoto mko barabarani na godoro. Alipokuja akaniambia mgeni anarudi Jumamosi na ujumbe wa watu kumi, taa zote za ukumbi zishikwe vizuri, na stoo hakuna kitu, nikamwambia vipo.”

“Nini vipo?”

Kalinga alikunja taulo, akaliweka gotini.

“Ulimwambia nini, Kalinga?” Haikuwa desturi yake kumwita kwa jina.

“Nilimwambia vipo kumi na viwili. Vya mbavu za mwavuli. Vimekaa miezi miwili na hakuna hata kioo kimoja kilichotikisika. Alifurahi. Alinipa sigara.”

“Tengeneza vingine. Miavuli nitatafuta mimi, naanza sasa hivi.”

“Leo Alhamisi. Kimoja ni kazi ya siku tatu. Nitaazima hivi, halafu vya wodi nitatengeneza pole pole.”

“Lini?”

“Pole pole.”

Tekla alimtazama mume wake, uso uliooshwa, nywele zikiwa bado na matone ya maji, na akasikia kinyaa kile kile cha manyoya ya kuku kikimganda. Hakikuwa cha Liberatus peke yake. Alitoka uani, akasuuza ile khanga aliyomkaushia, akaisuuza tena, akaianika chini ya mwisho wa paa ambapo haikuweza kukauka.

*

Ijumaa asubuhi Kalinga aliingia wodini na ngazi begani na boksi la mbao mkononi. Alimwamkia Sista Atuganile kwa heshima zote, akamwonyesha karatasi yenye mhuri. Sista aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa gauni, akaisoma karatasi tena.

“Vinaenda wapi?”

“Nyumba ya wageni, Sista. Kwa muda.”

“Na hapa unafunga nini?”

“Skrubu zile zile. Nitazikaza kidogo.”

Sista Atuganile aliwageukia wahudumu, akawaambia kila kitanda kisukumwe kiende ukutani, asiachwe mgonjwa chini ya taa. Vikasukumwa. Magurudumu hayakuwepo, miguu ya chuma ilipiga kelele kwenye saruji na vichanga vikaamka vyote kwa pamoja. Wodi haikuwa na ukuta wa kutosha. Vitanda vilibanana kiubavu, wanawake wakalala miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake, na mmoja aliyeshonwa usiku ule alilia kimya kimya kila kitanda chake kilipokwaruza sakafu. Kalinga alisubiri kando, ngazi imesimama, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kusali.

Kisha akapanda. Ngazi ilikuwa ya mbao, mguu mmoja mfupi.

“Mama Kalista,” alisema kutoka juu. “Nishikie.”

Tekla alishika. Ilikuwa ngazi mbovu na huyo juu alikuwa baba wa mtoto wake. Alishika huku uso ameugeuzia dirisha. Kishikio cha kwanza kilitoka, kikalia kidogo kilipowekwa kwenye boksi, na skrubu tatu zikarudi mahali pake. Cha pili. Cha tatu.

Ilikuwa siku ya kupima watoto. Walipofika taa ya tano, Mbuke aliingia kutoka barazani, mwanawe wa miezi minne amembeba mgongoni, mkono wa kulia umening'inia ubavuni kama kitu cha kuazima. Alikuwa amelala stendi tangu jana. Alipomwona fundi juu ya ngazi alisimama, akaangalia muda mrefu.

“Dada,” alimwambia Tekla, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, “huyu anatengeneza taa?”

“Ndiyo,” alisema Tekla. “Anatengeneza.”

“Hii ya mimi pia? Ile ya namba nne?”

“Hata hiyo.”

Mbuke akatabasamu. Akainua uso kwa Kalinga, akasema kwa sauti, ili asikie kule juu, “Wabeja, baba. Wabeja sana. Mungu akuongeze. Akina mama walale vizuri.”

Wagonjwa waliojua walitazama shuka zao. Kalinga alikaa na koleo hewani kidogo, kisha akasema, “Haya, mama. Ahsante.” Akaendelea kufungua.

Ni lile neno ahsante lililomfungua Tekla mdomo. Kama mume wake angenyamaza, pengine naye angenyamaza mpaka taa ya kumi na mbili, aende nyumbani, apike. Lakini aliipokea shukrani ile, akaitia mfukoni na skrubu.

“Nimekudanganya,” Tekla alimwambia Mbuke. “Hatengenezi. Anavitoa vishikio. Vinaenda kwenye nyumba ya wageni, wakubwa wanakula huko kesho. Na zile pete nzuri za kwanza kabisa, zilizotakiwa kuwa hapa kabla wewe hujaja, ziko kwa afisa. Huyu ndiye alizifunga kule. Ni mume wangu.”

“Mama Kalista,” alisema Kalinga.

Mbuke hakuelewa mara moja. Mwanamke wa kitanda cha karibu, Msukuma mwenzake, alimweleza kwa lugha yao, maneno machache. Mbuke alisikiliza, kichwa kimeinama. Hakulia wala hakutukana. Alimhamisha mtoto kidogo mgongoni, akarudi hatua mbili, akakaa kwenye benchi.

Kazi iliendelea mpaka mwisho. Taa ya kumi na mbili ilipofunguliwa, honi ililia nje. Ilikuwa Landrova ya idara, na Ndugu Liberatus alikuwa ndani yake, dirisha limefungwa kwa sababu ya manyunyu. Kalinga alifunika boksi, akalikumbatia.

“Ngazi iache,” alisema Tekla.

“Ya nini?”

“Nashusha vioo. Vyote. Nishikie.”

“Mkaguzi atahesabu. Mali ya serikali hiyo. Mama Kalista, jana tu nimetoka.”

“Nishikie ngazi, Baba Kalista. Mimi nimekushikia kumi na mbili.”

Honi ililia tena, ndefu. Kalinga aliutazama mlango, akamtazama mke wake, akatazama boksi. “Narudi sasa hivi,” alisema, na akatoka, anakimbia nusu, kama tarishi.

Tekla alikunja gauni, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Hakuwahi kupanda ngazi ile. Ilicheza. Akapanda cha pili, ikacheza zaidi. Ndipo alipoisikia imetulia. Alipotazama chini alimwona Mbuke, mtoto mgongoni, ameukanyaga ule mguu mfupi kwa unyayo wake na kushika mbao kwa mkono wa kushoto, na ule mkono usiokunja ameuegemeza upande wa pili, ili usaidie kwa uzito tu.

“Panda, dada,” alisema. “Nimeshika.”

Vilishuka vyote kumi na viwili. Sista Atuganile alivipokea kimoja kimoja, akavipanga kwenye kapu la nguo chafu, akaandika kwenye daftari: vioo kumi na viwili, vimeshushwa kwa amri yangu, akatia sahihi na saa.

*

Ujumbe ulikuja Jumamosi, ukala, ukaondoka. Hakuna kilichoanguka. Ndugu Liberatus alisimama mbele ya wageni, akasema vishikio vile ni ubunifu wa idara yake katika kujitegemea, na wageni wakapiga makofi. Baada ya wiki Sista Atuganile alipata barua ya kumhamisha, wilayani, mbali. Tekla alikatwa mshahara wa nusu mwezi kwa kugusa mitambo isiyomhusu. Vioo vilibaki kwenye kapu, na wodi ikawa na globu tupu zilizoumiza macho. Wanawake walijifunika khanga usoni, wakalala. Vishikio havikurudi.

Jioni ile ya Jumamosi Kalinga alirudi nyumbani mapema, amevaa koti alilopewa asimame nalo ukumbini. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha mezani. Alikifungua mezani mwenyewe: nyama ya mbuzi ya kuchoma, vipande vikubwa, mapaja mawili ya kuku, na wali wenye zabibu kavu.

“Wamenipa,” alisema. “Afisa amenipa kwa mkono wake mwenyewe.”

Kalista aliruka. Hakuwa ameonja nyama tangu Krismasi. Tekla aliipasha moto, akamkatia mtoto vipande vidogo, akampakulia mume sahani iliyojaa, akaweka maji ya kunawa. Kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango na bakuli la ugali mkavu na chumvi.

“Na wewe?” aliuliza Kalinga. “Mbona hujichukulii?”

“Mimi nimeshiba.”

“Umekula wapi?”

Tekla alimega tonge, akalichovya kwenye chumvi, akamtazama mtoto wake anavyoramba mafuta vidoleni, kidole baada ya kidole, kwa furaha.